Rais Apiga Magoti

Bibi aliyeigiza mama wa Rais kwenye tamthilia alikuwa amesahau maneno yake mara mbili.

"Bibi, ukisahau tena, kipindi kijacho tunakuzika!" mwongozaji alimtania. Watu wakacheka, lakini yeye alijua si utani mtupu, na kazi hiyo aliipenda kama mboni ya jicho.

Kamera zikawashwa, na ulimi wake ukawa mzito tena. Kijana aliyeigiza Rais akainuka kwenye kiti chake cha enzi, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, si ulitaka kunionya kuhusu waziri wangu?"

"Ndiyo, mwanangu!" Maneno yote yakamiminika.

"Safi!" mwongozaji akasema. "Lakini nani kakwambia upige magoti?"

"Kwani Rais hana mama?" kijana akajibu, akijipangusa vumbi.