Upande wa Ndani wa Kioo

Asubuhi ile Darubini aliliosha gari lake kama mama anayemwogesha mtoto anayekwenda kulelewa ugenini. Saa nne mwalimu mmoja wa sekondari angekuja kulichukua. Walikwisha kukubaliana; kilichobaki ni kukabidhiana funguo.

Mkewe, fundi cherehani, aliambiwa kwamba gari linauzwa kwa sababu ya magoti. Magoti yalikuwa mazima. Yaliyomtia hofu mzee yule ni macho.

Jina la Darubini alipewa na madereva wenzake wa malori, enzi alipoweza kusoma namba za gari lililo kilima cha pili. Sasa, kwa mwaka mzima, kila alipoendesha akilielekea jua, barabara iligeuka nyeupe kama maziwa na watu wakawa vivuli. Mwezi uliopita nusura amgonge mwanamke aliyekuwa akivuka na ndoo. Breki zililia, ndoo ikaanguka, na mwanamke yule akasimama akimtazama. Macho yale yalimkata maini. Baba yake mzazi aliingia gizani hivyo hivyo, kwa ukungu mweupe, hadi akawa anawatambua wanawe kwa kuwapapasa nyuso. Kwa daktari Darubini hakwenda. Aliogopa kuambiwa jambo ambalo aliamini analijua.

Alipomaliza nje, akaingia ndani na chupa yake ya mafuta. Akaisugua dashibodi, kama afanyavyo kila Ijumaa, mpaka ikang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Alitaka gari liondoke na heshima zake.

"Usiondoke na mkasi wangu humo!" mkewe akaita kutoka barazani. "Niliuacha kwenye kidroo juzi."

"Njoo uuchukue mwenyewe. Mikono yangu ina mafuta."

Mlango wa abiria ulikuwa umezibwa na ndoo, kwa hiyo Darubini akampisha mkewe, na mama huyo akapitia wa dereva. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa upande ule. Na hata upande wake, akipanda tu huinamisha kichwa kwenye pindo la nguo na kushona hadi wafike. Sasa alikaa, akainua macho. Jua lilikuwa limesimama mbele ya gari.

Akapepesa macho. Kisha akasema, "Wewe mwanamume, unaonaje hapa?"

Darubini akasogea mlangoni. "Nani amekwambia?"

"Aniambie nini?"

"Kuhusu macho yangu."

Mama akageuka polepole. Akamwangalia mumewe, akaangalia kioo cha mbele, akamwangalia tena mumewe. "Kumbe ndiyo magoti yenyewe hayo," akasema kwa sauti ndogo.

Yakamtoka yote: maziwa barabarani, mwanamke wa ndoo, mikono ya baba yake. Alipomaliza, mkewe akanyoosha kidole akachora mstari juu ya kioo, kwa ndani. Kidole kilirudi kikiteleza, kina kitu cha kijivu.

"Hii nini, baba?"

"Sijui."

"Mafuta yako. Unapaka, unafunga vioo, gari linashinda juani. Yanapikika humu kama chunguni, mvuke unapanda na kuganda hapa. Mimi mwenyewe sioni kitu, na macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano!"

"Lakini kioo nakifuta kila siku ya Mungu!"

"Wapi?"

Akafikiri. "Nje," akakiri. "Ndani kunanyesha mvua gani?"

Mama akacheka hadi akashika usukani. Lakini alipotelemka, machozi yalikuwa yakimlengalenga, na wala hayakuwa ya kicheko tu.

Wakalisukuma gari kivulini, maana kioo cha moto hukausha maji kabla hujafuta. Mama alikuwa na dirisha kubwa la duka, na kulisafisha alikujua. Akachanganya maji na siki kidogo, akakata shati kuukuu la pamba vipande viwili, kimoja cha kulowesha, kingine cha kukaushia.

"Nje futa kwa kulala, kushoto kwenda kulia. Ndani futa juu kwenda chini. Ukibaki mchirizi, utajua uko upande gani."

"Nimeendesha malori nchi nzima, leo nafundishwa kufuta kioo na fundi wa magauni."

"Na bado hujafika pembeni. Futa, Darubini."

Mara ya kwanza kitambaa kilitoka cheusi, kikasuuzwa. Mara ya tatu kilitoka cheupe.

Wakalirudisha gari juani. Darubini akakaa kwenye usukani, akafumba macho kama mtu anayesubiri hukumu, kisha akayafumbua.

Kioo hakikuwapo. Ndivyo alivyoona: kana kwamba mtu amekiondoa na kuuacha ulimwengu wazi. Ukuta wa jirani ulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Mti ule aliouona kijani kitupu ulikuwa na majani, moja moja, na kila jani lilikuwa na ukingo wa dhahabu. Mbali kabisa, mwisho wa barabara, mwanamume alikuwa amebeba mtoto begani, na mtoto alikuwa na kiatu kimoja tu. Darubini akaweka mkono kifuani. Yote haya yalikuwapo siku zote, akawaza, yakimngoja nyuma ya unene wa pumzi.

"Kuna ndege kwenye waya," akanong'ona. "Saba."

Mama, aliyekuwa ameketi pembeni yake bila nguo ya kushona, akakaza macho. "Wanane. Wawili wamebanana pale mwisho."

"Saba, mama. Yule ni fundo la waya."

Ndege wakaruka. Fundo likabaki.

Mwalimu alipofika saa nne, aliwakuta bado wamekaa humo, wakitazama mbele kama watu walio baharini.

"Mwalimu, utanisamehe sana," Darubini akasema. "Gari siuzi tena. Lakini ingia kidogo. Kaa hapa uone."

"Nione nini, mzee?"

"Barabara," akasema Darubini, akimpisha.