Binti Mhunzi Nyuma ya Mlango

Mimi Beda sijawahi kukwama. Hadithi zangu nazitunga mwenyewe, kwa kichwa hiki hiki kilichomaliza kidato cha nne, na mtu anayetunga mwenyewe hakosi mlango wa kutokea. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu wa kijiji chetu, kule kati ya Kilosa na Mikumi, mwaka wa pili tangu tuhamishiwe bondeni. Niliwaambia Jumatatu. Kufika Jumatano nilikuwa nimekwama kama gari la mkaa kwenye tope la masika.

Shamba la kijiji lilikuwa la pamba, refu hata ukimwita mtu wa upande wa pili anaitika kesho. Hakuna aliyelipenda. Kila mmoja alikuwa na shamba lake la zamani moyoni, huko Lumuma na milimani, na majembe yalinyanyuka kama yana homa. Siku ya kwanza ya palizi, kwa kuwa mgongo wangu una elimu na haupendi kuinama, nilitupia jembe begani, nikatangulia mbele ya mstari wa wenye majembe, nikaanza kuwasimulia.

Palikuwa na zimwi lililoishi chini ya mto. Lilipanda vijijini watu wakiwa wamelala, likakunja vivuli vyao kama mikeka, likaenda kuvivaa. Walioibiwa vivuli waliendelea kula na kucheka, ila walikuwa wepesi. Upepo ukivuma wanashika miti. Ndipo binti wa mhunzi akachukua nyundo ya baba yake, akaenda kuvirudisha.

Zimwi likihesabu mali yake huimba, nami nikawafundisha watu wimbo wake, jembe likianguka kwenye neno la mwisho:

*Cha nani hiki, cha nani? Changu.*
*Cha nani kile, cha nani? Changu.*

Jua halijakaa utosini, mstari ulikuwa umefika mferejini, na watu wanauliza kwa nini tumesimama. Paulina, aliyeacha kaburi la mwanawe Lumuma, alikuwa amelima matuta ya watu wawili bila kujijua. Akaniuliza kama kivuli kinaweza kubaki mahali mtu alipohamishwa. Nikamjibu kwamba ndiyo, tena kinakaa pale pale kibarazani kinamsubiri. Nilisema tu. Mimi nikiulizwa kitu huwa nasema tu.

Mwenyekiti wetu, Ndugu Lupakisyo, alikuwa mtoto wa manamba aliyekulia kwenye mkonge wa Rudewa. Kazi inayokwenda aliitambua kwa sauti yake. Jioni ile ile alitangaza mkutanoni kwamba kusimulia nako ni kazi, na anayesimulia halimi. Mstari wote ukakubali. Nikawa mjamaa pekee wilayani mwenye viganja laini kuliko vya hakimu. Vijana wenzangu wakaniita Ndugu Redio, nami niliitika.

Aliyekunja uso alikuwa Bi Mwamvua, mkubwa kuliko wote shambani. Hakukataa hadithi ya mchana, ila aliukumbusha mkutano sharti ambalo mimi nilikuwa nimelisahau na wenzangu wote walikuwa wanalijua: hadithi iliyofunguliwa shambani hufungwa katika shamba hilo hilo, na aliyeifungua. Ikiachwa wazi, kilichomo ndani yake kinabaki na mazao. Nilicheka. Nikamwambia, bibi, zimwi halili pamba. Akasema atanikumbusha maneno hayo.

Basi Jumanne ikaja habari yangu. Nilikuwa nimepata nafasi Morogoro, kozi ya bwana shamba, na Jumatatu inayofuata nilitakiwa niwe pale, la sivyo nafasi apewe mwingine. Treni ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa ingepita kwetu Ijumaa adhuhuri. Hakuna kingine nilichokitaka duniani. Nilikwenda kwa mwenyekiti kuomba ruhusa ya kutoka kijijini nikiwa nimeshachana nywele.

Ndugu Lupakisyo alinipongeza, akanipa mkono. Kisha akaniuliza Binti Mhunzi yuko wapi.

Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Binti Mhunzi alikuwa nyumbani kwa zimwi. Ameingia, vivuli vimetundikwa ukutani, na mlango umejifunga nyuma yake. Mlango usio na tundu, komeo wala bawaba. Nilikuwa nimemfikisha pale siku hiyo hiyo, watu wakakata kucha kwa meno.

"Nani kakukataza kwenda?" akasema mwenyekiti. "Mtoe yule binti, halafu na wewe utoke."

Nikaona ni jambo dogo. Jumatano asubuhi nikasema mlango ule ulikuwa wa mbao, ukaliwa na mchwa. Mstari ulisimama. Wakanitazama kama watu waliouziwa sukari yenye mchanga. Mlango wa zimwi uliwe na mchwa? Mchwa wa wapi, wa chini ya maji? Nikaleta tembo wa Mikumi, akausukuma kwa kichwa. Bi Mwamvua akataka kujua tembo ameingiaje mtoni asisikike, na kama angeweza kuusukuma, kwa nini binti alihangaika kubeba nyundo tangu kwao. Nikasema basi nyundo ikauvunja. Wakasema nyundo ilishagonga mara ya kwanza na mlango ukacheka. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia. Kumbe walikuwa wameshika kila neno. Nilizoea kusikilizwa na watu wa darasani, ambao hawashiki kitu.

Alhamisi nilikasirika, nikamuua. Nikasema Binti Mhunzi alifia mle ndani, hadithi imekwisha, tuombe dua.

Majembe yalishuka yote kwa pamoja. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Paulina aliketi juu ya tuta, akajifunika uso kwa kanga. Mwenyekiti alikuja taratibu, akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini kama ya mganga, "Mfufue kabla ya chakula."

Nikamfufua. Nikasema alikuwa amezirai. Wakalima, lakini bila wimbo, na kila aliyenifikia alinitupia jicho. Nilipogeuka upande wa reli nikaiona milima pande zote, na bonde letu katikati, na mimi katikati ya bonde, sina tundu, komeo wala bawaba. Kichwa changu kiligonga kila mahali. Hakikupata kitu. Ni jambo la ajabu kwa mtunzi kama mimi, nikawaambia vijana, labda malaria.

Ijumaa asubuhi shangazi yangu Hildegarda alitokea Rudewa kunisindikiza, na kuku wa kuchoma wa kula njiani amefungwa kwenye majani ya mgomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa ukingoni mwa shamba kunisubiri. Nikajaribu kwa mara ya mwisho. Niliwaimbisha, angalau wapate moyo, nikitumaini mlango utafunguka wenyewe.

*Cha nani hiki, cha nani? Changu.*
*Cha nani kile, cha nani? Changu.*

Na kutoka ukingoni, sauti nzito ya mama mmoja ikaitikia, ikiwa na uhakika kama mtu anayeita mbuzi wake:

*Na wewe wa nani, wa nani? Sema.*

Mstari wote uligeuka. Ubeti ule hakuna aliyewahi kuufundishwa. Bi Mwamvua aliweka jembe chini, akamsogelea shangazi, wakasalimiana kwa heshima, kisha akamuuliza ameutoa wapi.

"Si ndio unaofungua mlango?" shangazi akasema. "Zimwi linaulizwa lenyewe ni la nani."

Paulina alikuwa wa kwanza kucheka, machozi yakimtoka, kisha mstari wote. Mimi nilicheka kuliko wote, nikapaza sauti kwamba nilikuwa nawaficha tu, na kwamba shangazi hadithi hii ameisikia kwangu, niliitunga shuleni nikamsimulia wakati wa likizo.

Mbali, upande wa Mikumi, treni ikapiga honi. Nikamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama shangazi, bila haraka yoyote, huku akipima uzito wa jembe langu mkononi mwake.

Shangazi alikuwa anafungua majani ya mgomba kumgawia Bi Mwamvua paja la kuku, lile nililokuwa nimeshalichagua.

"Alinisimulia?" akasema. "Nilikuwa namsimulia huyu akiwa hana meno ya mbele. Na kila siku mlango ukijifunga tu, analala."