Kujitolea kwa Amri

Mkuu wa kambi ya askari magereza hapo Jinja, Afande Wanyama, alikuwa amewapanga watu wake mistari mitatu, mikono ya shati imekunjwa tayari.

"Sista Hasifa, hawa wote wamejitolea," alisema. "Jana nilitoa amri."

Siku nyingine Hasifa, muuguzi aliyekuja kukusanya damu, angecheka, lakini moyo wake ulikuwa Mbale. Huko, kwenye wodi ya watoto, mwana wa dada yake, Zubair, alikuwa akisubiri damu, na friji ya hospitali ilikuwa tupu. Shetani akamnong'oneza: chukua tu, nani atakuuliza? Damu ya amri nayo si nyekundu?

Lakini anayeogopa kukataa ataogopa pia kusema kweli. Ukimuuliza habari za maradhi, atasema yu mzima. Na ugonjwa ulioingia juzi, hata kipimo huenda kisiuone.

"Afande, hiyo si kujitolea," alisema. "Kila mtu aingie hemani peke yake. Asiyetaka kutoa atakaa muda uleule, nimfunge bandeji, nimpe soda. Huku nje hakuna atakayejua."

"Na wakikataa wote?"

"Nitarudi mikono mitupu." Machozi yalimlengalenga.

Afande akakubali shingo upande. Sauti ikatoka mstari wa nyuma: "Na mukubwa pia aingie!" Kambi nzima ikaangua kicheko, naye Wanyama akaingia wa kwanza, kifua mbele.

Ndani ya hema ukubwa wote ulimwisha. Alikaa akitazama buti zake.

"Sista, mimi damu yangu musichukue. Kuna kitu hata mama watoto hajui."

"Njoo kliniki tuongee, afande. Leo sikuulizi."

Akamfunga bandeji. Wanyama aliishika soda bila kuinywa.

"Ungetutoa damu kule nje, mbele ya watu yangu," alisema, "mimi ningetoa."

Hasifa aliiwaza damu hiyo ikifika Mbale.

Wanyama akatoka. "Mwenye anataka kwenda, aende. Hakuna mutu atamuuliza, hata mimi."

Mistari mitatu ikabaki mmoja, tena mfupi. Hasifa aliwatazama wanaoondoka na roho ikamuuma. Kila mgongo uliokwenda ulikuwa chupa ya Zubair. Kisha akamwita wa kwanza, akamuuliza maswali yote, bila kuruka hata moja.