Watu Waliosimama Mlangoni Petu

Baba alipofariki, kazi ya kusafisha stoo ilibaki kwangu na kaka yangu. Nyuma ya mabati tukakuta kamera kongwe ya mbao ya miguu mitatu, kubwa kama sanduku la nguo, ile ambayo mpigaji hujifunika kitambaa cheusi. Baba alikuwa fundi rangi. Hakuwahi kupiga picha hata moja. Nilipofungua studio ya picha alinitania kwamba nawauzia watu sura zao wenyewe.

“Tuiuze,” kaka alisema.

Lakini ndani yake kulikuwa na kioo cha picha, kile kilichotumika zamani badala ya filamu, ambacho hakijawahi kusafishwa kwa dawa. Nikakipeleka studio, nikakisafisha, nikachapa. Picha ilitoka na madoa: bwana, bibi na watoto watatu wameketi vitini mbele ya nyumba. Nyumba yetu, na dirisha lake la duara juu ya mlango. Pembeni alisimama kijana na ndoo ya rangi. Masikio yale ya kupepea, tuliyorithi sote, hayakunidanganya. Alikuwa baba.

“Labda walikuwa wapangaji,” kaka alisema.

“Wapangaji wakae vitini, mwenye nyumba asimame na ndoo?”

“Usichokonoe, dada. Marehemu hasemwi.”

Hata hivyo tulimpelekea shangazi, dada yake baba. Aliitazama picha, akaigeuza kifudifudi mezani, akauliza kama tumekunywa chai.

“Shangazi, hawa ni nani?”

“Watu wa zamani. Walihama.”

“Wakaacha kamera?”

“Walikuwa na haraka.”

“Na nyumba je? Nayo waliiacha kwa haraka?”

Shangazi akanikazia macho. “Mwanangu, umelala humo miaka yote. Paa liliwahi kukuvujia? Basi lala.”

Picha hakuirudisha. Njiani kaka aliniambia niyaache hayo, nami nikajua yuko upande wa shangazi.

Wiki iliyofuata kaka akanipigia simu. Shangazi alikuwa amekuja nyumbani na mkokoteni, akaichukua kamera akidai ni yake tangu zamani. Kisha akauliza kioo kiko wapi.

“Ukamwambia nini?”

“Nimemwambia kilivunjika.”

Jioni kaka alikuja studio, akafunga mlango mwenyewe. Nikatoa kioo kwenye droo, tukakiinua kwenye taa, tukaanza kuzitazama sura za wale watoto, mmoja mmoja.