Sindano na Gurudumu la Nyuma

Haya nimeyasikia kwa mjukuu wangu, dereva wa lori, alipokuja juma lililopita kunizibia bati linalovuja. Alisimulia akiwa juu ya paa, mimi chini nashika ngazi. Mengine nilimuuliza dada yake mwenyewe.

Huyo dada ni fundi cherehani, mwembamba, mtaa mzima unamwita Sindano. Kila mwaka akifunga duka hupanda baiskeli peke yake kwenda kwa mama yao, binti yangu, mwendo wa siku tano barabara ikiwa njema. Ukimuuliza sababu anasema anapenda. Mwaka huu kaka mtu alichoka kuhangaika naye, wakapatana: akifika bila kupanda gari, hatamsema tena. Akipanda lori, baiskeli inauzwa.

"Nyote wawili hamna kazi," akasema mama yao.

Siku ya kwanza tairi lilipasuka. Siku iliyofuata mvua ikamkuta kwenye udongo mwekundu, magurudumu yakashika tope yasizunguke, akaibeba baiskeli begani mpaka penye lami. Muuguzi wa zahanati akamruhusu alale barazani. Aliamka na homa, akabaki hapo mpaka ikashuka. Yeye anayaita hayo mambo ya kawaida.

Lisilo la kawaida lilimpata mlimani. Alikanyaga, pedeli zikazunguka bure, baiskeli haiendi. Kile chuma chenye meno cha nyuma, kinachovutwa na mnyororo, kilikuwa kimelegea, kinazunguka chenyewe na gurudumu limetulia. Fundi baiskeli alikuwa mbali, mbele na nyuma.

Akawa anasukuma. Ndipo lori la kaka likatokea, limejaa saruji, likaenda naye sambamba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Imekuchoka au umeichoka?"

"Tunapumzishana."

"Panda bwana. Mama kakuwekea maji ya kuoga tangu jana, yamepoa na yeye kapoa."

"Mwambie ayapashe."

"Kwa kusukuma utafika mwezi ujao."

"Basi ayapashe mwezi ujao."

Kaka akamnyooshea chupa ya maji dirishani. Hakuipokea.

"Maji nayo ni lori?"

"Kwako wewe, ndiyo."

Kaka akaondoka. Aliniambia kwamba alijua ameshinda, ila hakuona raha yake.

Sindano alikaa kando ya barabara, akatoa kwenye begi uzi mnene wa kushonea mikoba. Akakifunga kile chuma kwenye spoki, akipitisha uzi kwenye matundu yake, akakaza. Hakufika mbali, uzi ukakatika. Akakata mkanda wa begi, akashona vyote pamoja, akapanda tena. Ikashika. Ila sasa pedeli hazikuwa na mapumziko: ukikanyaga inaenda, ukiacha inakukanyagisha. Mteremkoni alinyanyua miguu juu kama kuku anayevuka maji, na breki zikaisha huko huko.

Siku ya pili yake, alasiri, kaka alikuwa kibarazani kwa mama anamenya chungwa. Alikwisha kumwahidi jirani mmoja ile baiskeli. Mama yao alikuwa anaanua nguo. Sindano akatokea barabarani, miguu inazunguka mbio, akapita geti, akaendelea.

"Amepita," akasema mama.

"Namwona."

"Kwani hasalimii?"

Alizungukia nyuma ya nyumba za watu, akarudi, akaingia uani moja kwa moja mpaka kwenye kamba ya nguo. Akasimama amejifunga shuka.

"Sikupanda gari," akasema humo ndani.

Kaka akala lile chungwa mpaka likaisha. Kisha akampigia jirani, akamwambia atafute baiskeli kwingine. Hakumsema dada yake hata kidogo, ila alikwenda kuinama penye gurudumu, akazikagua zile nyuzi, akauliza, "Na hili fundo linaitwaje?"

"Halina jina. Nilikuwa na hasira."

Waliposhiba, kaka alilala wa kwanza, kwenye kochi. Sindano akajilaza kitandani kwa mama yake, na miguu haikujua kwamba safari imekwisha. Ikawa inapishana chini ya shuka, kulia, kushoto. Mama akaweka mkono juu ya goti na kuuacha hapo. Goti likatulia, la pili nalo likatulia, na Sindano akapata usingizi.