Mstari Uliofutwa

Wino ulikuwa umepigwa mara tatu juu ya mstari mmoja, kwa nguvu, hata karatasi ikachanika. Kwa macho matupu huoni kitu. Lakini nilipoikuza picha kwenye kompyuta na kuongeza mwanga, maneno ya babu yakajitokeza moja moja, nami nikatamani yangebaki yalikokuwa.

"Leo mdogo wangu amekuja na ndui. Nimemfungia mlango."

Mwezi wa saba huu najifunza kazi hii pale maktaba, mimi mpiga chapa mstaafu, kiuno kimekufa ganzi: kulipiga picha daftari la babu, kulinakili neno kwa neno, kisha kulichapisha mtandaoni alisome yeyote. Babu alikuwa mhudumu wa zahanati mwaka wa ndui. Aliokoa kijiji kizima. Ndivyo tulivyolelewa kuamini. Mdogo wake, tuliambiwa, alisafiri asirudi. Aliyetuambia ni mama.

"Huu niuruke?" nilimuuliza mwalimu wetu, binti wa umri wa mwanangu.

"Hapana, mama. Kilichofutwa tunakinakili, tunakiwekea alama kwamba kilifutwa. Sisi hatukifuti mara ya pili. Ukiwa na la kueleza, liandike chini, kwenye tanbihi."

Rahisi kusema! Mama ana miaka tisini na mmoja, na kila nikirudi huniuliza nimefika ukurasa gani. Siku hiyo nilichoka hata kabla ya kufika nyumbani. Nimdanganye? Au nimuue kwa maneno ya baba yake mwenyewe?

Nilimkuta kitandani, ameegemea mto.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Arobaini na moja, mama."

"Ule wenye wino mwingi."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. "Kumbe unaujua?"

"Nilikuwa na miaka sita. Nilikaa sakafuni, nyuma ya mlango." Alivuta shuka hadi kidevuni. "Ameandika baba mdogo alibisha mara ngapi?"

"Hakuandika."

"Haya. Mimi nilihesabu."

Miaka themanini na mitano ameibeba hesabu hiyo, jamani, na sisi hatukujua! Nililia, wala sikujificha. Kisha nikaipakata kompyuta yangu, nikaufungua ukurasa ule, nikashuka hadi kwenye tanbihi. Palikuwa patupu.

"Sema polepole, mama," nikamwambia.