Saa ya Baba Mkwe

Gisèle alipanda pikipiki kutoka Cimpunda akiwa na ombi ambalo asingethubutu kulitamka kanisani: Ee Mungu, ifanye hii saa iwe ya bandia.

Wanaopeleka saa kupimwa kwa kawaida huomba kinyume chake. Lakini hao hawakuachana na mwanamume kwa sababu ya saa. Kama ilikuwa ya bandia, basi Ezéchiel alikuwa mwongo, na miaka kumi na moja aliyoishi bila yeye ilikuwa miaka ya mwanamke aliyeponea chupuchupu. Na kama ilikuwa ya kweli? Hapo mawazo yake yaligoma kusonga mbele. Bahati nzuri dereva alifunga breki. Walikuwa wamefika Nyawera, katikati ya Bukavu.

Duka la Salwa lilikuwa dogo, lenye nondo dirishani na feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza. Salwa mwenyewe alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Uvira, amejifunza kazi ya saa na vito huko Dubai, na tangu benki za mji zifunge milango wateja hawakumkauka, maana watu walikuwa wakitoa sandukuni hata vitu walivyoapa kuzikwa navyo. Gisèle alimchagua kwa sababu moja tu. Wapimaji wengine wote wa dhahabu mjini walikuwa marafiki wa baba yake.

"Karibu, maman, kaa. Uko nauzisha, ao unataka kujua tu?"

"Kujua tu."

Gisèle alifungua kitambaa juu ya meza. Saa ilikuwa nyembamba, ya kuvaliwa na suti, yenye mkanda wa ngozi ya kahawia na uso mweupe usio na makeke, mishale miwili basi. Kilicholeta balaa ni rangi ya kasha lake. Haikuwa njano na haikuwa nyeupe. Ilikuwa rangi ya chai iliyozidishwa maziwa.

Salwa aliweka lenzi jichoni, akaigeuza saa huku na huku, kisha akaitegea sikio.

"Inatembea muzuri. Nani anaitiaka ufunguo?"

"Ni miye."

"Kila siku?"

"Siku ya Mungu, nikitoka ku misa. Inatembea juma nzima."

Hebu fikiria. Mwalimu mzima wa shule ya msingi, anayewapigia watoto kelele wakikosea kutoa na kujumlisha, alikuwa akiitia ufunguo saa ya bandia kila Jumapili kwa miaka yote hiyo, akaiweka karibu na mto, akalala akiisikiliza. Wala hakujiuliza ni bandia gani hiyo isiyochoka. Hakujiuliza kwa sababu hakuwa akiisikiliza saa. Alikuwa akimsikiliza Ezéchiel akipanda njia ya mteremko ya Cimpunda baada ya mvua, akipiga mluzi, akiteleza, akijicheka mwenyewe kabla hajachekwa na majirani. Alimtamani. Hakuna neno lenye adabu zaidi linalotosha. Alikuwa bado akigeuka barabarani akimwona mwanamume mwenye mabega kama yale, na kila alipogeuka aliona haya, na safari iliyofuata aligeuka tena.

"Ilikuwa ya nani?" Salwa aliuliza.

"Waliileta mu dot yangu. Ilikuwa saa ya papa."

Salwa aliitikia kwa kichwa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mjini Bukavu, kijana anayeleta mahari, yaani dot, hujua kwamba pamoja na mbuzi na vitenge vya mama mkwe, baba mkwe anangojea suti yake, viatu vyake, na saa ya mkononi. Baba akikubali, huivaa saa hiyo hapo hapo mbele ya watu, na vigelegele vinaanza.

Siku ya Gisèle vigelegele havikuanza. Yeye alikuwa chumbani na mashangazi, nyuma ya pazia, amesukwa na kupakwa mafuta, anangojea kuitwa. Sebuleni Ezéchiel alikuwa amekaa na wazee wake, amerudi kutoka Liège, Ubelgiji, alikokuwa akimtunza mzee mmoja mgonjwa. Mzee huyo, alipokaribia kufa, alivua saa mkononi mwake na kumpa. Ezéchiel angeweza kununua sokoni Kadutu saa ya njano inayong'aa kama kikaango kipya na mambo yangekwisha salama. Alileta kitu cha thamani kuliko vyote alivyowahi kupewa. Kwa namna fulani huo ndio ulikuwa ujinga wake.

Baba yake Gisèle, muzee Cirhuza, alikuwa mnunuzi wa dhahabu tangu ujana. Dhahabu ya Kamituga, dhahabu ya Shabunda, yote ilipita katika vidole vyake. Alikuwa na jiwe jeusi la kupimia, na kila kipande alikisugua juu yake mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, ndipo akadondosha asidi. Sasa, watu wa kazi ile wana adui mmoja: weupe. Mchimbaji mjanja akichanganya fedha ndani ya dhahabu, rangi hupauka, na mnunuzi asiye na jicho kali hula hasara. Kwa hiyo jicho lao hufundishwa miaka na miaka kuchukia kilichopauka. Siku ile muzee hakuchukua jiwe. Aliinua saa dirishani, akaitazama mara moja, akacheka.

"Mutoto, miye nilianzaka kushika zahabu mbele papa yako hajaoa. Zahabu ya rangi ya chai ya maziwa, niliionaka wapi?"

Wajomba wakacheka, maana bia waliyokuwa wakinywa ilikuwa ya muzee. Gisèle alimsikia Ezéchiel akisema, "Papa, iko zahabu," akamsikia akirudia kwa sauti ya chini zaidi, kisha akasikia viti vikisogezwa. Ezéchiel aliacha kila kitu mezani, akatoka. Juma lile lile akarudi Liège; saa ikabaki, na baadaye Gisèle akaichukua chumbani mwake. Hakupiga simu, na Gisèle hakupiga, kwa kuwa wote wawili walilelewa Cimpunda, ambako mtu anaweza kukosa chumvi lakini hakosi kiburi.

Salwa aliwasha mashine yake ndogo inayosoma madini kwa miale, akailaza saa chini yake. Gisèle alikunja vidole mapajani. Bandia, aliomba. Shaba. Chochote.

"Iko zahabu, maman," Salwa alisema. "Robo tatu kamili. Ile ingine ni paladi, madini fulani meupe, na fedha kidogo. Hawa mafundi wanachanganyaka hivi kwa kusudi, juu ya kupata hii rangi. Unaona huku nyuma? Walitengeneza makumi tano tu mu dunia nzima. Yako iko ya makumi tatu na moja. Bei yake, maman..."

"Usiniambie bei."

Salwa alimtazama, akazima mashine. Alikuwa kijana, lakini dukani mwake alikuwa ameona wengi wakilia kwa kusikia hapana. Huyu alikuwa wa kwanza kulia kwa kusikia ndiyo.

Ili kumpa nafasi ya kujifuta, aliirudia saa na lenzi yake. Akaondoa mkanda, akachungulia lile sikio la kasha ambapo mkanda hufungwa, akaguna.

"Lakini weye si wa kwanza kuipima. Tazama hapa, kwenye mukanda unafunikaka. Mutu aliisugua ku jiwe, akatia asidi. Bazungu habapimake hivi, hii ni kazi ya kwetu. Na ni mutu wa mukono muzuri, alitafuta fasi mwenye saa hataona. Alisugua mara tatu."

Gisèle alichukua lenzi. Pale chini palikuwa na vibapa vitatu vidogo, vimepangwa sambamba. Aliwahi kuviona vya namna ile kwenye pete, kwenye mikufu, kwenye vipande vya wachimbaji, tangu akiwa mtoto anayetambaa chini ya meza ya kazi. Hakuna mtu mwingine mjini aliyepima kwa Utatu Mtakatifu.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Kutoka Nyawera hadi Cimpunda si mchezo, ni mlima juu ya mlima, lakini hasira ilimbeba. Aliwapita wenye pikipiki waliomwita, aliwapita wanafunzi wake waliomwamkia "Bonjour, maîtresse," na hakumjibu hata mmoja.

Muzee Cirhuza alikuwa barazani na redio yake. Macho yalikuwa yamemwishia, akaishi kwa masikio na vidole. Gisèle hakumsalimia. Alimwekea saa kiganjani, bila mkanda.

Kidole gumba cha muzee kilizunguka kasha, kikafika kwenye sikio, kikatulia pale. Alizima redio.

"Uliipeleka kwa nani?"

"Kwa binti wa Uvira, mu Nyawera."

"Alisema nini?"

"Weye njo uniambie, papa."

Muzee aliifunika saa kwa kiganja cha pili.

"Iko zahabu," alisema. "Kesho yake asubuhi, mbele ya misa, niliipitisha ku jiwe. Asidi haikukula kitu. Nikakaa nayo mu mukono mpaka kengele ikalia."

"Na haukusema!"

"Ningesema kwa nani? Kwa bale bote balichekaka na miye? Munegosia, munuzi kama miye, mwenye amepima vibaya mbele ya batu, nani atamuletea tena zahabu?" Alimgeuzia uso. "Lakini sikuirudisha, Gisèle. Mujomba yako Télesphore alikuya kuibeba, airudishe kwabo kijana, nikamukataza. Kitu ya dot yenye haijarudi, haijakataliwa. Unajua vile. Nikasema, kijana atakuya tena na bakubwa bake, nitaivaa tu, na hakuna mutu atauliza. Nilimungojea. Kila nikisikia muguu ku mulango nasema ni yeye."

"Miaka yote ile ulikuwa nasikia namna naitia ufunguo, papa. Ulikuwa nasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Kama muzee angekana, Gisèle angempigia kelele majirani wakajaa. Lakini muzee alikubali kila neno, akakaa ameshika saa kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu, na hasira ya Gisèle ikakosa pa kupigia. Hakumsamehe. Aliingia ndani tu, akafunga mlango wa chumba chake, akatafuta kwenye simu namba aliyopewa siku nyingi zilizopita na Adèle, dada yake Ezéchiel, muuza viatu wa soko la Kadutu. Hakuwahi kuibonyeza. Sasa akaibonyeza kabla kiburi hakijaamka.

"Allô?"

Sauti ilikuwa ile ile, imeongezeka uzito kidogo.

"Ezéchiel. Ni Gisèle."

"Gisèle wa Cimpunda?"

"Iko mwengine?"

Akacheka. Gisèle akakaa kitandani.

"Nimepimisha ile saa," alisema haraka haraka. "Iko zahabu."

"Najua," Ezéchiel alijibu kwa upole, na Gisèle akajiona mpumbavu, kwani ni nani duniani asiyeihitaji habari hiyo kuliko yeye? Akaendelea kwa sababu hakuweza kurudi nyuma. Akamweleza jiwe, na asidi, na jinsi muzee alivyokataza saa isirudishwe, akingoja.

"Aha," Ezéchiel alisema. "Na miye nilikuwa nangojea. Saa haikurudi, nikasema basi mulango haujafungwa. Gisèle ataniita. Wandugu wakaniambia oa, nikasema mungojee kidogo. Nilingojea murefu, Gisèle. Kisha nikaoa."

"Sikujuaka."

"Sikulaumu. Lakini niambie kitu kimoja. Ile siku, nyuma ya rideau, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Uliamini nani?"

Uongo mtamu ulikuwa tayari ulimini. Ulikuwa mfupi, ungemfurahisha Ezéchiel na ungemfariji Gisèle, na ungewaachia wote wawili kitu kizuri cha kukumbuka. Gisèle aliutamani karibu kama alivyomtamani yeye mwenyewe.

"Niliamini papa," alisema.

Huko Liège, nyuma ya Ezéchiel, mtoto aliita, "Papa, tu viens?" Ezéchiel alimjibu atangulie mezani, anakuja, kisha pumzi yake ikarudi karibu na simu.

"Aksanti," alisema. "Nilikuwa nafikiri vile. Lakini ni hiyo njo nilitaka kujua."

"Nikutumie saa?"

"Hapana. Ni ya muzee. Aivae."

Wakaagana kwa adabu, Ezéchiel akimtumia Adèle salamu, Gisèle akiwasalimia watoto asiowajua majina. Simu ilipokatika Gisèle aliishikilia sikioni bado, akasikiliza chumba kisichokuwa na mlio wa saa.

Alipofungua mlango, muzee alikuwa amesimama pale pale nje, bega ukutani, saa katika mkono mmoja.

"Ni yeye? Alisema nini?"

Gisèle aliitazama saa, akakitazama kifundo cha mkono wa pili wa baba yake, chembamba, kitupu, kilichokwisha kunyooshwa kidogo mbele.

"Amekusalimia, papa," alisema, akapita kwenda jikoni kabla hajaulizwa neno la pili.